Nani Anapanga Ukubwa wa Mji wa Chuo?

Katika mji unaotegemea chuo kikuu, uamuzi mzito kuliko yote kuhusu ardhi hupitishwa na watu ambao hakuna mkazi aliyewapigia kura. Madiwani wanakesha wakibishania ghorofa ya sita ya jengo fulani, huku ofisi ya udahili imeshatuma barua kwa wanafunzi mia kadhaa zaidi ya mwaka jana. Barua hizo ndizo zitakazopandisha kodi ya pango, kurefusha foleni ya asubuhi na kuamua kama mwalimu wa shule ya msingi ataweza kuishi kwenye mji anaofundisha. Miji ya vyuo ya Marekani imejifunza hili kwa gharama kubwa, ndiyo maana mifano mingi hapa inatoka huko.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia chuo kinaongeza wanafunzi 1,000 na kina uwezo wa kulaza asilimia 35 ya wanafunzi wake. Uwiano ukibaki huohuo, 650 wanaingia mtaani. Wakikaa wanne wanne, wanataka nyumba 163. Mji wa watu 40,000 ni nadra kujenga nyumba 163 za ziada kwa mwaka mmoja, kwa hiyo nyumba hizo zinatoka kwenye zile zilizopo, yaani zilizokuwa za familia. Na familia haifui dafu katika ushindani huo. Nyumba ya vyumba vinne, kila mwanafunzi akilipa dola 800, inamwingizia mwenye nyumba dola 3,200 kwa mwezi. Nesi na mumewe fundi umeme wanaoweza kutoa dola 2,200 wataambiwa imeshachukuliwa. Mwanafunzi mmoja mmoja hana kitu, lakini wanne wenye wazazi waliotia saini ya udhamini ni wapangaji wenye nguvu kuliko karibu kila mtu mjini.

Takwimu nazo zinapotosha. Sensa ya Marekani humhesabu mwanafunzi mahali anapoishi wakati wa masomo, si kwa wazazi wake. Matokeo yake mji wa chuo unaonekana fukara kwenye jedwali la vipato, ilhali kodi zake za pango zinafanana na za mji wa matajiri. Mpangaji miji akisoma jedwali hilo bila kuwatenga wanafunzi, atawapangia watu asiowajua.

Kisha kuna kalenda, jambo ambalo wageni wa fani hii hawalioni. Katika miji mingi ya vyuo mikataba ya pango inaanza na kuisha siku moja. Madison, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, mikataba mingi inaisha tarehe 14 Agosti na mipya inaanza tarehe 15. Usiku wa kati ya tarehe hizo mbili watu wanalala kwenye gari au kwa marafiki, na barabara zinajaa makochi yaliyotupwa. Mwenye nyumba mwenye majengo kumi ana saa chache za kupaka rangi, kubadilisha vitasa na kuziba bomba, kwa hiyo anapaka rangi na bomba linasubiri mwaka mwingine. Kibaya zaidi, mikataba ya Agosti huanza kutiwa saini tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Mtu anayehamishiwa kikazi mwezi Januari anakuta soko limefungwa, hata kama kuna vyumba vitakavyokuwa wazi miezi saba baadaye. Ndiyo maana kiwango cha nyumba zilizo wazi kinaweza kushuka chini ya asilimia 1, kama ilivyowahi kutokea Davis, California, wakati wataalamu wengi huona asilimia 5 ndiyo inayoliacha soko lipumue.

Mbele ya shinikizo hili, halmashauri nyingi zilikimbilia dawa rahisi: kuzuia idadi ya watu wasio na undugu kukaa nyumba moja. Mahakama Kuu ya Marekani iliipa dawa hiyo baraka mwaka 1974. Kijiji cha Belle Terre, New York, kilichokuwa na nyumba kama 220 na watu 700, kiliruhusu wasio ndugu wawili tu kwa nyumba. Wanafunzi sita wa chuo cha Stony Brook walipanga nyumba moja hapo, kesi ikaenda hadi juu, kijiji kikashinda. Miji mingi ikaegemea uamuzi huo. Fort Collins, Colorado, iliweka ukomo wa watu watatu.

Sheria hiyo haifanyi kazi, na sababu zake zinaonekana ukiufuatilia ukaguzi wenyewe. Mkaguzi anabisha hodi na kuuliza nani ndugu wa nani. Nyumba ina vyumba vitano, mkataba una majina matatu, na wawili waliobaki ni "wageni". Wale wawili hawana mkataba, hawana haki ya kudai amana, na hawathubutu kuripoti kwamba kifaa cha kupasha joto kinavuja gesi, maana malalamiko yatawafukuza wote. Halmashauri inapata nyumba zenye watu walewale, ila sasa hatari imefichwa. Oregon ilipiga marufuku ukomo wa aina hiyo mwaka 2021, Colorado mwaka 2024. Iowa ilitangulia mwaka 2017. Iowa City ikajaribu mlango wa nyuma kwa kuweka ukomo wa asilimia ya leseni za kupangisha katika mitaa iliyo karibu na chuo, na mwaka 2019 jimbo likafunga na mlango huo.

Uingereza ilikwenda njia nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ina mantiki zaidi. Katika sehemu yake ya England, nyumba inayokaliwa na watu watano au zaidi kutoka kaya mbili au zaidi wanaotumia jiko au choo kwa pamoja inahitaji leseni ya lazima, na tangu Oktoba 2018 haijalishi ina ghorofa ngapi. Chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51, cha wawili, 10.22. Mkaguzi anakwenda na futi kamba, anapima, anaangalia king'ora cha moshi na njia ya kutokea wakati wa moto. Undugu hausemi nani aruhusiwe kukaa. Dosari yake iko kwenye mapato: nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote peke yao haitozwi kodi ya halmashauri, kwa hiyo mtaa unaweza kujaa watu wanaotumia huduma huku kodi ya mtaa ikipungua.

Yote hayo, hata hivyo, ni kupigana na matokeo. Chanzo kimekaa kwenye namba ya udahili, na kesi iliyoonyesha jambo hili waziwazi ni ya Chuo Kikuu cha California (UC) kilichoko mji wa Berkeley. Mpango wa maendeleo wa chuo wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba ifikapo 2020 wanafunzi wangefikia 33,450. Walipita 42,000. Vitanda havikufuata kwa kasi hiyo, na chuo hicho cha umma hakifungwi na kanuni za matumizi ya ardhi za mji kwa mujibu wa katiba ya California. Wakazi wakashika silaha pekee iliyokuwepo, sheria ya mazingira ya jimbo, wakidai kwamba wanafunzi wa ziada ni athari ambayo haikuchunguzwa. Agosti 2021 jaji aliamuru idadi igandishwe kwenye 42,347. Machi 2022 mahakama ya juu ya jimbo ilikataa kuisimamisha amri hiyo, na siku chache baadaye bunge la jimbo likabadili sheria, gavana akatia saini tarehe 14 Machi.

Wengi walisoma kisa hicho kama ushindi wa wanafunzi dhidi ya majirani wachoyo. Mimi nakisoma kama ushahidi wa pengo. Mji haukuwa na chombo chenye nguvu ya kukibana chuo kuhusu namba kabla namba haijatokea, kwa hiyo wakazi wakatumia mahakama baada ya kutokea, wakati wahanga ni vijana waliokuwa wakisubiri barua. Amri ya kugandisha udahili ni mbaya. Kukosa makubaliano yoyote yanayobana ni kubaya vilevile, na bunge lilitibu la kwanza likaacha la pili.

Tuje basi kwenye makubaliano yenyewe, maana hapa ndipo miji inapopigwa chenga. Sharti la msingi ni moja: ongezeko la wanafunzi liende sambamba na ongezeko la vitanda. UC Davis, mji wa Davis na kaunti ya Yolo waliandikiana kitu cha aina hiyo mwaka 2018, na ilikuwa lazima, kwa sababu tangu mwaka 2000 Davis ina sheria inayotaka wapiga kura waidhinishe kila shamba linalotaka kugeuzwa kuwa makazi. Mji usioweza kutanuka na chuo kisichoacha kutanuka hawana namna ila kukaa mezani.

Lakini neno "mwanafunzi" na neno "kitanda" kila moja lina mianya. Chuo kinaweza kuhesabu wanafunzi kwa vichwa, au kwa kuwageuza wa muda wa sehemu kuwa wa muda wote: wawili wanaosoma nusu wanakuwa mmoja. Kwa bajeti ya masomo hesabu hiyo ni halali, ila kwa makazi ni uongo, kwani wote wawili wanalala. Kinaweza kutumia wastani wa mihula, na muhula wa pili huwa na watu wachache. Kinaweza kuwaacha nje wa shahada za juu, ambao ndio wenye wenzi na watoto. Kipimo cha haki ni vichwa vya wanaohudhuria ana kwa ana, ngazi zote, siku moja iliyotajwa ya muhula wa vuli. Wanaosoma kwa mtandao wasihesabiwe, na hapo chuo nacho kinapata haki yake.

Upande wa vitanda hila ni nyingi zaidi. Ya kwanza ni kuingiza kitanda cha tatu kwenye chumba kilichojengwa kwa watu wawili na kukiita kitanda kipya. Kwenye ripoti idadi imepanda. Kwenye korido foleni ya bafu imepanda pia, na muhula ukifika katikati wanafunzi wanaomba kuhama, wanarudi mtaani. Ya pili ni kuvunja bweni la zamani lenye vitanda 400, kujenga la vitanda 900 na kutangaza 900. Ongezeko ni 500. Ya tatu ndiyo inayouma: chuo kinakodi jengo zima la binafsi katikati ya mji, kinalipangisha kwa wanafunzi, kisha kinaliingiza kwenye hesabu zake. Hakuna tofali lililoongezwa. Chuo kimewapiku tu wapangaji wengine kwa mkoba mnene. Kwa hiyo maandishi yaseme: vitanda halisi baada ya kutoa vilivyovunjwa, kwa idadi ya awali ya kila chumba, vyenye kibali cha kukaliwa kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na majengo ya kukodi yasihesabiwe isipokuwa yamejengwa kwa ajili hiyo. Kisha iwepo gharama kwa kila kitanda kilichopungua, inayolipwa kila mwaka hadi pengo lizibwe. Ahadi isiyo na bei ni salamu tu.

Hofu ya kukosa vitanda inaweza kukipeleka chuo kwenye kosa la upande wa pili. UC Santa Barbara ilitangaza Munger Hall, bweni moja la wanafunzi 4,500 ambalo zaidi ya asilimia 90 ya vyumba vyake havikuwa na dirisha. Bilionea Charles Munger aliahidi dola milioni 200 kwa sharti kwamba michoro yake ifuatwe. Mradi uliachwa mwaka 2023, na miaka iliyotumika kuutetea ndiyo miaka ambayo vitanda havikujengwa. Zawadi inayokuja na ramani inapaswa kupimwa kwa muda itakaoupoteza, siyo kwa fedha itakazoleta pekee.

Sekta binafsi nayo imeleta jengo lake: fleti za vyumba vinne vya kulala, kila kimoja na bafu lake, jiko dogo katikati, mkataba wa kitanda badala ya nyumba. Kwa mwanafunzi ni nafuu, mwenzake akikimbia deni halimwangukii. Kwa mji ni jengo lisilo na maisha ya pili. Mabafu manne yametawanyika pembe nne, mabomba yanashuka sehemu nne, na familia yenye watoto wawili haitaki kulipia mabafu manne huku haina pa kuweka meza ya chakula. Kugeuza kunadai kubomoa sakafu. Halmashauri inayotoa kibali inaweza kudai mapema kwamba mabafu yakae mgongo kwa mgongo juu ya bomba moja la kushukia, na kwamba ukuta kati ya vyumba viwili usiwe wa kubeba uzito, ili siku moja viunganishwe kuwa sebule. Wakati wa kuchora, gharama yake ni ndogo. Baada ya miaka ishirini, ndiyo inayoamua kama jengo litakaliwa.

Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilichagua njia ya mji mzima mdogo. Eddington, kwenye hekta kama 150 kaskazini-magharibi mwa mji, ilipangwa kuwa na nyumba 1,500 za wafanyakazi wa chuo, 1,500 za kuuzwa sokoni na nafasi 2,000 za wanafunzi wa shahada za juu. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 2017. La kuiga hapo ni uwiano: watafiti vijana na wahudumu wa maabara wamewekewa nyumba zao. Vyuo vingi husahau kwamba wanafunzi wapya huja na wafanyakazi wapya, na mfanyakazi wa jikoni ndiye anayesukumwa mbali zaidi, mwishowe anaendesha gari kila alfajiri kwenda mahali ambapo hawezi kupanga.

Magari yana dawa iliyojaribiwa. Kibali cha Stanford cha mwaka 2000 kilikitaka chuo kiongeze majengo bila kuongeza safari za magari za saa za msongamano. Magari yanahesabiwa kwenye njia za kuingilia chuoni, na chuo kimelazimika kupandisha ada ya maegesho na kuendesha mabasi ya bure. Chapel Hill, North Carolina, ilifanya mabasi ya mji mzima kuwa bure mwaka 2002, gharama ikigawanywa kati ya chuo, Chapel Hill na jirani yake Carrboro. Mpango wa pili naupenda zaidi, kwa kuwa basi la mwanafunzi ni basi la muuza duka pia.

Kuhusu fedha, mzizi wa ugomvi ni kwamba ardhi ya chuo, kwa sehemu kubwa, hailipi kodi ya majengo, ilhali gari la zimamoto linaitwa palepale. Boston ina fomula tangu mwaka 2011: taasisi zenye mali ya zaidi ya dola milioni 15 zinaombwa kuchangia asilimia 25 ya kodi ambayo zingelipa, kiwango kilichokadiriwa kutoka sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye polisi, zimamoto na kuzoa theluji. Nusu ya mchango inaweza kulipwa kwa huduma kwa jamii. Fomula ni safi, ila neno "zinaombwa" ndilo udhaifu wake, na ile nusu ya huduma huwa pana kama mfuko wa kangaruu. Chuo Kikuu cha Yale na mji wake wa New Haven walikubaliana mwaka 2021 dola milioni 135 kwa miaka sita, na ndani yake kuna kipengele ambacho kila mji ungekinakili: Yale ikiliondoa jengo kwenye orodha ya walipa kodi, inafidia mapato hayo kwa kiwango kinachopungua kwa miaka 12. Mji unapata muda wa kurekebisha bajeti. Princeton ilichelewa; majirani waliishtaki mwaka 2011 kuhusu msamaha wake wa kodi, na mwaka 2016 ikamaliza kesi kwa zaidi ya dola milioni 18.

Chini ya ardhi kuna gharama ambayo haisemwi mikutanoni. Mabomba ya majitaka husanifiwa kwa mtiririko wa kilele, na kilele cha mji wa chuo ni cha ajabu. State College, Pennsylvania, ina wakazi kama 40,000 na imepakana na uwanja wa mpira wa Kimarekani unaochukua zaidi ya watu 100,000. Bomba linalotosha siku ya mechi linakuwa kubwa mno mwezi Julai. Maji yakitembea chini ya mita 0.6 hivi kwa sekunde, taka ngumu zinatulia chini, zinaoza, zinatoa gesi inayokula zege na harufu inayofika madirishani. Kwa hiyo mji unalipa mara mbili: kujenga bomba kubwa, kisha kulisafisha kiangazi. Ada ya kuunganisha inayopigwa kwa wastani wa mwaka inawabebesha wakazi tofauti hiyo. Ipigwe kwa kilele, na chuo kipewe punguzo kikijenga tangi la kuhifadhi majitaka ya siku kubwa na kuyaachia taratibu usiku.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba namba hupanda tu. Marekani ilizaa watoto milioni 4.3 mwaka 2007, rekodi yake. Baada ya mtikisiko wa uchumi idadi ikaanza kushuka, na mwaka 2020 walikuwa milioni 3.6. Waliozaliwa 2007 walitimiza miaka 18 mwaka 2025. Vyuo vikubwa vyenye majina vitajaza viti vyao kwa kuchukua wa vyuo vya kati. Macomb, Illinois, kwenye Chuo Kikuu cha Western Illinois, ilikuwa na watu zaidi ya 19,000 mwaka 2010 na kama 15,000 mwaka 2020, wanafunzi walipokuwa wakipungua. Katika mji wa namna hiyo mwenye nyumba aliyegeuza sebule kuwa chumba cha tano hana mpangaji wala familia inayoitaka nyumba. Basi ambalo gharama yake iligawanywa kwa idadi ya wanafunzi linapoteza safari za jioni.

Makubaliano mengi yana vipengele vya kupanda na hayana hata kimoja cha kushuka. Vinavyohitajika ni vichache: mchango wa chuo kwa basi na zimamoto uwe na kiwango cha chini kisichotegemea udahili, bweni likifungwa kwa zaidi ya miaka miwili mji upewe nafasi ya kwanza ya kulikodi au kulinunua, deni la miundombinu iliyojengwa kwa ombi la chuo libaki la chuo hadi liishe, na chuo kiukabidhi mji makadirio ya udahili ya miaka mitano kila Septemba, yakiwemo yale mabaya ambayo bodi yake imeshayaona.